Barabara ya Kusini: Kalvati moja laweza kula faida ya mkulima

Mkulima wa Lindi na Mtwara anapopeleka zao lake ghalani, hutazama bei ya mnada. Lakini sehemu ya bei hiyo hupangwa barabarani, kabla mnunuzi hajaandika zabuni yake.

Barabara Kuu ya Kusini huanzia Dar es Salaam, hupita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji na kufika Nangurukuru, ambako njia ya Kilwa Masoko hukata kushoto. Huendelea hadi Lindi na Mingoyo. Hapo hugawanyika: moja huenda Mtwara, nyingine Masasi.

Enzi za kivuko

Kabla ya mwaka 2003 magari yalivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Masika ilipokolea, tope na mafuriko viliifunga njia, mizigo ikalala na bei za dukani zikapanda. Mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Hata hivyo, adha haikwisha. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 hivi, kilichelewa kuwekwa lami hadi muongo uliofuata.

Somo la Hidaya

Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara wilayani Kilwa, yakiwamo maeneo ya Somanga na Mikereng'ende. Daraja kubwa la Rufiji lilibaki limesimama. Vilivyoondoka ni vivuko vidogo, makalvati na tuta la barabara. Magari ya Masasi yalilazimika kuzunguka kupitia Songea na Tunduru, safari inayozidi mara mbili ya ile ya kawaida.

Tupige hesabu ya mfano. Lori la tani 30 likikodiwa kwa Sh3,000,000, kila kilo inabeba nauli ya Sh100. Mzunguko ukifanya nauli iwe Sh6,000,000, kila kilo inabeba Sh200. Mnunuzi hatoi Sh100 hiyo ya ziada mfukoni mwake. Anaipunguza kwenye bei anayokupa. Mwenye kilo 1,000 za ufuta amepoteza Sh100,000, ingawa shamba lake halikuguswa na mafuriko.

Nini kifanyike

Kwanza, mfanyabiashara wa duka aweke akiba ya bidhaa zisizoharibika kabla ya masika. Pili, vyama vya msingi viulize mapema mzigo utapita wapi. Korosho inayosafirishwa kupitia Bandari ya Mtwara haihitaji kuvuka Rufiji, hivyo hatari yake ni ndogo.

Tatu, tuache kushangilia lori linalokwepa mizani. Uzito uliozidi hupasua lami, maji yakaingia, na mvua ikamalizia kazi.

Nne, wakulima wadai makalvati na mifereji visafishwe kabla ya mvua, si baada ya njia kukatika. Hilo si kuomba hisani. Kila lita ya petroli au dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na mwenye lori huirudisha kwenye nauli. Kwa maana hiyo mkulima ameshalipia matengenezo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku Kusini, ukuta huo hujengwa kwa fedha za korosho, ufuta na mbaazi za mkulima.