Sake: kukimbia kando ya Kivu bila mzigo

Siye watu wa Walikale tunajua kutembea. Kutoka Ndjingala mpaka Bisie zamani ilikuwa pori na matope, na kilo 50 za kasiterite mgongoni. Kwa hiyo vijana wa wachimbaji waliponiita tukimbie mzunguko wa Sake siku ya Mungu, niliwaza: kukimbia bila mzigo ni kazi ya nani?

Kumbe ni tamu. Ikiwa njia imetulia, unatoka sokoni, unashuka kwenye maji ya Kabuno, nyuma yako milima ya Masisi. Halafu unaingia kwenye mawe meusi. Hayo njo historia yetu: Nyamulagira ilipasuka 1938, lava ikafika mpaka ziwani, na mpaka moto unazima 1940 ilibaki kidogo ifunge mlango wa Kabuno. Mawe bado yanakata viatu. Unarudi na barabara ya taifa nambari 2.

Lakini mazuku! Kijana mmoja aliingia kwenye kishimo, akainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipiga kelele, akaruka. Hiyo hewa mbaya ni nzito, inalala chini, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo haupo. Haionekani. Mchimbaji anaijua: mshumaa ukizima ndani ya shimo, unatoka, huulizi. Watoto na mbwa, kwa sababu ni wafupi, wanaanguka wa kwanza.

Sasa tunaondoka saa tatu, jua limeshapanda, na hakuna njia ya mkato kupitia mabonde. Ba mama, msiwatume watoto wafuate wakimbiaji alfajiri.

Siku ya Mungu ijayo tunarudia. Mvae viatu vigumu.