Oili Chafu ya Pikipiki: Ushahidi Wake na Mipaka Yake

Katika duka lolote la spea za pikipiki, liwe la Mwanza, Kisumu au Mbale, chupa za oili hupangwa rafuni kwa rangi za kuvutia. Baina ya chupa ya bei nafuu na ile iliyoandikwa kuwa ni ya sintetiki, ipo tofauti ya bei ambayo mwendesha bodaboda huilipa kwa jasho la siku. Pikipiki yake mara nyingi ni ya mkopo, na injini ikifa kabla ya deni kwisha, deni halifi pamoja nayo. Kwa hiyo swali analojiuliza mbele ya rafu hiyo ni zito: je, oili ya ghali huilinda injini zaidi?

Njia moja ya kulijibu ni kuichunguza oili yenyewe baada ya kutumika. Oili inapozunguka ndani ya injini hubeba chembe ndogo mno zinazosagika kutoka katika sehemu zinazosuguana. Chembe hizo zikitambuliwa na kupimwa, hali ya injini yaweza kukisiwa bila ya kufungua hata bolti moja. Mwaka 1946 maabara ya reli ya Denver and Rio Grande Western, nchini Marekani, ilionyesha kwamba hitilafu za injini za dizeli za garimoshi zaweza kugunduliwa kwa namna hiyo. Katika miaka ya 1950 jeshi la majini la nchi hiyo likaifuata njia hiyo kwa ajili ya injini za ndege zake.

Katika maabara za leo, sampuli ya oili hunyunyizwa ndani ya plazma ya gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi. Katika joto hilo atomi za kila elementi hutoa mwanga wenye urefu wake maalumu wa wimbi. Mwanafunzi aliyewahi kuitia chumvi katika mwali wa moto na kuona rangi ya manjano ya sodiamu, amekwisha kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi. Chombo husoma mwanga na kutoa hesabu ya sehemu kwa kila milioni. Chuma hutoka hasa katika silinda na gia. Alumini katika pistoni. Kromiamu mara nyingi katika ringi. Shaba katika bushi na baadhi ya beringi. Zinki, fosforasi na kalisiamu kwa kawaida si dalili za uchakavu, bali ni viungio vilivyotiwa na kiwanda.

Kiasi kinachopimwa ni kidogo ajabu. Pikipiki nyingi za bodaboda hubeba lita moja hivi ya oili, ambayo uzito wake ni kama gramu 860. Maabara ikiona sehemu 30 za chuma kwa milioni, chuma chote kilichopimwa ni miligramu 26 tu, kadiri ya uzito wa punje moja ya mchele.

Neno "sintetiki" nalo lahitaji hadhari. Awali lilimaanisha mafuta yaliyojengwa kwa njia za kemia kutokana na molekuli ndogo, kama vile polialfaolefini, ambazo chanzo chake ni gesi ya ethilini. Baadaye viwanda vikajua kuyatengeneza upya mafuta ya ardhini kwa haidrojeni na shinikizo kubwa hata umbo la molekuli zake likabadilika, na vikayaita kwa jina lile lile. Kampuni ya Mobil iliyapinga matumizi hayo ya Castrol, lakini mwaka 1999 chombo cha Marekani kinachoamua migogoro ya matangazo ya biashara kiliona kwamba Castrol ilikuwa na msingi wa kulitumia neno hilo. Hivyo chupa mbili zenye neno moja zaweza kuwa na mafuta ya asili mbili, na bei pekee haimwambii mnunuzi ni ipi.

Pikipiki huitesa oili kuliko gari. Katika magari mengi giaboksi ina mafuta yake. Katika pikipiki nyingi oili ile ile huhudumia injini, gia na klachi. Klachi hiyo, ambayo hufanya kazi ikiwa imelowa, huweza kuteleza ikipewa oili yenye viungio vya kupunguza msuguano vilivyokusudiwa magari. Ndiyo sababu Wajapani walitoa mwaka 1998 kiwango cha JASO T 903, ambacho alama yake ya MA huonyesha oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Meno ya gia nayo yana madhara yake. Oili ya 10W-40 kwa kawaida hutiwa polima ndefu zinazoizuia isiwe nyepesi mno ipatapo joto, na meno hayo huzikatakata. Katika nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya daraja la 40 hutakiwa kuwa na mnato usiopungua milimeta za mraba 12.5 kwa sekunde. Ikishuka chini ya hapo imekuwa ya daraja la 30, ingawa chupa yasema 40.

Hapa ndipo oili nzuri ya sintetiki yaweza kuuonyesha ubora wake. Mnato wa mafuta yake ya msingi hauathiriwi sana na joto, kwa hiyo polima chache hutosha. Sampuli za oili mbili zilizotembea umbali sawa zikipimwa mnato, tofauti yaweza kuonekana, ilimradi ihakikishwe kwamba petroli haikupenya ndani ya oili na kuipunguza uzito.

Hesabu ya metali ni jambo jingine, na ndiyo inayowapoteza wengi. Mathalani, pikipiki ya kwanza ina sehemu 18 za chuma baada ya kilometa 1,000, na ya pili ina sehemu 36 baada ya kilometa 3,000. Ya pili yaonekana kuchakaa maradufu, kumbe kwa kila kilometa 1,000 imetoa sehemu 12 tu. Au pikipiki yenye lita moja na sehemu 40 za chuma ivujishe mililita 300, na mwenyewe ajazie oili mpya siku moja kabla ya sampuli kuchotwa: maabara itasoma sehemu 28, na oili itasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya. Tena injini mpya hutoa metali nyingi kwa sababu sehemu zake bado zinazoeana, na kila oili mpya huchanganyika na mabaki ya iliyotangulia.

Halafu kuna vumbi, ambalo dalili yake ni silikoni. Mchanga ni mgumu kuliko sehemu nyingi za chuma za injini. Silikoni na chuma vikipanda pamoja, wa kwanza kushukiwa ni chujio la hewa, wala si chapa ya oili. Lakini silikoni huweza pia kutoka katika gundi ya gasketi, kwa hiyo fundi huulizwa kwanza kama injini ilifunguliwa karibuni. Kwa mwendeshaji wa barabara za vumbi, fedha ya ziada ya oili huenda ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua chujio jipya.

Ulinganisho wa haki huhitaji subira. Injini ile ile hupewa oili ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza tena na ya pili tena, kwa umbali na njia zinazofanana. Oili mpya nayo hupimwa kabla ya kutumika. Sampuli huchotwa oili ikiwa ya moto, katikati ya mmiminiko. Hata hivyo spektrometa haizioni vizuri chembe zinazozidi mikrometa chache, hivyo gia inayomeguka vipande yaweza kutoa hesabu nzuri. Sumaku ya kawaida huvinasa vipande hivyo.

Shule isiyo na spektrometa yaweza kupima mnato kwa kopo lililotobolewa tundu dogo chini. Oili mpya na iliyotumika, za chapa moja na zenye halijoto sawa, hupitishwa kwa zamu, na muda wa kutoka mililita 100 huandikwa. Wanafunzi wavae glavu, kwa kuwa oili chafu ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi. Iliyotumika ikitoka upesi zaidi, ama polima zimekatwa ama petroli imeingia. Kopo haliwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili, na darasa laweza kuulizwa ni kipimo gani kingeyatenganisha.