Je, Wajua? Flashi kwanza, Linux baadaye
Linux huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, kuijaribu Linux hivyo kunawafaa sana wenye kompyuta za kujiundia, hasa Endulen, Ngorongoro, ambako kufuata kipuri mjini Karatu ni safari ya kupita lango la Loduare. Utaambiwa Linux siku hizi hutambua karibu kila kifaa. Ni kweli, ila baadhi ya chipu za Wi-Fi za Broadcom hudai draiva isiyokuja na mfumo, na kuipakua kunahitaji intaneti ileile iliyokosekana! Simu inayogawa intaneti yake kwa waya wa USB huokoa. Amri ya lspci, ukiwa bado kwenye flashi, huitaja chipu mapema.