Lupu Haina Kosa: Kweli na Uongo Kuhusu Kusoma Majibu ya MySQL kwa PHP

Rasmus Lerdorf aliitoa PHP kwa umma mwaka 1995, na tangu hapo mafundi wake wamekuwa wakirithishana maneno. Fundi humwambia mwanafunzi, naye humwambia mwenzake, mpaka hakuna anayeuliza nani aliyapima. Kama umewahi kuiuliza MySQL swali kisha ukapitia majibu yake kwa while, haya umeshayasikia. Tuyapime.

"Kosa limeonekana kwenye mstari wa while, basi lupu ndiyo mbovu."

Uongo. Ule ujumbe unaosema mysqli_fetch_assoc ilitarajia matokeo ikapewa bool hauilaumu lupu hata kidogo. Swali lenyewe lilikataliwa: jina la jedwali limekosewa, au mkato umesahaulika. mysqli ikarudisha false, programu ikaendelea kimya, na while ikawa ya kwanza kujikwaa. Rudi juu ukasome swali lako. Tangu PHP 8.1, iliyotoka 2021, mysqli hupiga kelele palepale swali linaposhindwa. Kwenye toleo la zamani, iamuru ifanye hivyo kwa mysqli_report kabla ya kuunganisha.

"Alama moja ya = ndani ya while ni kosa; lazima ziwe mbili."

Uongo. Ukiandika while ($mstari = $matokeo->fetch_assoc()), alama ile moja inafanya kazi mbili: inachukua mstari unaofuata, na inaiambia while kama kuna kitu kimepatikana. Majibu yakiisha fetch_assoc inarudisha null, lupu inasimama. Hata hivyo, waliokuonya hawakuwa na hofu ya bure. Chukua fetchColumn ya PDO (njia nyingine ya PHP ya kuongea na MySQL), inayoleta thamani moja moja, uitumie kusoma masalio ya wanafunzi yaliyohifadhiwa kama namba nzima. Ikikutana na salio 0, PHP inaihesabu kuwa "hapana" na lupu inakatika. Wanafunzi wote wanaofuata wanapotea kwenye ripoti, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwa kazi hiyo linganisha waziwazi kwa !== false.

"while husoma mstari mmoja mmoja, kwa hiyo kumbukumbu ya seva haiwezi kujaa."

Uongo, na kati ya yote huu ndio unaoangusha mifumo mingi iliyokuwa ikienda vizuri. Kwa kawaida, mysqli na PDO zikiiuliza MySQL huleta majibu yote upande wa PHP mara moja. while inapoanza, rundo zima limeshafika. Yenyewe inachambua tu. PHP isipobadilishwa huiwekea programu ukomo wa megabaiti 128, na rundo hilo linahesabiwa humo. Ndiyo maana ripoti ya malipo yote tangu shule ifunguliwe inaweza kufa kabla lupu haijagusa mstari wa kwanza.

Unaweza kuomba majibu yaje kidogo kidogo, kwa MYSQLI_USE_RESULT. Lakini kuna gharama: muunganisho huo hautakubali swali jingine mpaka umalize kusoma au uyaachilie majibu yale. Kwangu mimi dawa ya kwanza ni kuomba kidogo. Taja safu unazozihitaji badala ya kuweka nyota, chuja kwa WHERE, na kama unachotaka ni jumla, iachie MySQL iifanye kwa SUM. Hakuna haja ya kubeba mistari laki mbili ili upate namba moja.

"foreach ina kasi kuliko while."

Uongo kwa vitendo. Muda unaliwa na safari ya kwenda kwenye hifadhidata na utafutaji unaofanyika huko. Tumia ile inayosomeka vizuri zaidi.

"Usiulize swali ndani ya lupu."

Kweli, na wakongwe waliosema hivi wasikilizwe. Una wanafunzi 300. Kwa kila mmoja unauliza malipo yake. Hayo ni maswali 301. Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, arudi, umtume tena kibiriti, arudi, umtume sabuni. Kwenye kompyuta yako huoni tatizo kwa sababu hifadhidata iko humohumo. Ihamishie seva nyingine, kila safari ichukue milisekunde 2, na sekunde 0.6 zimekwenda kwa kutembea tu, hata kabla ya kazi yenyewe. JOIN moja inaleta yote. Angalizo: ukitaka na wasiolipa chochote waonekane, tumia LEFT JOIN, la sivyo wadaiwa wakubwa ndio watakaotoweka kwenye orodha.

"Mistari hutoka kwa mpangilio ulioiingiza."

Uongo. Bila ORDER BY, SQL haikuahidi mpangilio wowote. InnoDB hupanga jedwali kwa ufunguo wake wa msingi, kwa hiyo jedwali dogo huonekana limetulia kwa miezi mingi. Siku MySQL ikiamua kupitia faharasa nyingine, orodha inageuka bila wewe kugusa chochote.

"Data inatoka kwenye hifadhidata yangu, kwa hiyo ni salama kuichapisha."

Uongo. Jina lililomo liliandikwa na mtu kwenye fomu, na anaweza kuwa ameweka humo kipande cha JavaScript. Kuandaa swali kwa prepare kulimzuia asiharibu jedwali wakati wa kuingiza. Hakuzuii kipande hicho kufanya kazi kwenye kivinjari cha anayesoma ukurasa. Ndani ya lupu, kila thamani inayokwenda kwenye HTML ipitishe kwenye htmlspecialchars. Kama seva yako bado iko chini ya PHP 8.1, ongeza ENT_QUOTES, kwa sababu matoleo hayo huiacha alama moja ya nukuu ipite kama ilivyo.