Mpangilio wa Hendla Katika Seva Ndio Ulinzi wa Nyaraka za Mtumiaji

Mtumiaji wa huduma za mtandao anapobofya kitufe ili kufungua waraka, simu au kompyuta yake hutuma ombi kwa seva. Kabla ya jibu kurudi, ombi hilo hupita katika hatua kadhaa asizoziona. Mpangilio wa hatua hizo ndio unaoamua iwapo waraka utamfikia anayestahili pekee au yeyote atakayeuomba.

Mfano wa utaratibu huo ni Jetty, seva iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Jetty ilianzishwa mwaka 1995 na Greg Wilkins, na mwaka 2009 ilihamia chini ya taasisi ya Eclipse Foundation. Seva hiyo inaweza kupachikwa ndani ya programu, yaani programu yenyewe huiwasha inapoanza kazi. Hivyo, jukumu la kupanga hatua za ombi humwangukia mwandishi wa programu.

Kila hatua husimamiwa na sehemu ya programu iitwayo hendla. Ipo hendla inayokagua utambulisho wa mtumiaji, inayotoa mafaili, inayobana jibu ili lisafiri haraka, na inayotoa jibu la 404 pale kinachoombwa kisipopatikana.

Hendla huunganishwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni mfuatano, ambao hufanana na jalada linalotoka masijala na kupita meza moja baada ya nyingine. Hendla isiyohusika huliachia ombi liendelee. Ya kwanza kulikubali hulijibu, na zilizo nyuma yake haziitwi tena. Katika matoleo ya awali mfuatano huo uliitwa HandlerList. Katika toleo la 12, lililotoka mwaka 2023, unaitwa Handler.Sequence. Njia ya pili ni ya kuzungushia, ambapo hendla moja huibeba nyingine ndani yake. Hendla ya nje hulipokea ombi kwanza, kisha huamua kulipitisha ndani au kulikataa.

Hatari hujitokeza njia hizo zinapochanganywa bila uangalifu. Hendla ya mafaili ikitangulia katika mfuatano, na ya ukaguzi ikawekwa nyuma yake, faili hutolewa kabla mtumiaji hajatambuliwa. Mfumo hautaonyesha hitilafu yoyote, kwa kuwa kila sehemu imetimiza kazi yake. Ulinzi hupatikana pale hendla ya ukaguzi inapoizungushia ile ya mafaili. Vivyo hivyo, hendla ya jibu la 404 hukaa mwisho. Ikitangulia, kila ombi huambiwa kuwa kinachotafutwa hakipo.

Aidha, katika toleo la 12, hendla inayolikubali ombi hulazimika kutoa taarifa ya kukamilisha kazi. Isipofanya hivyo, mtumiaji hubaki akisubiri jibu lisilofika.

Kwa sababu hizo, majaribio ya mfumo hayapaswi kuishia kwa mtumiaji aliyeingia kwa nywila sahihi. Taasisi inayopokea mfumo mpya inashauriwa kuomba nyaraka zilezile bila utambulisho wowote na kuhakikisha kuwa zinakataliwa. Jaribio hilo linapaswa kurudiwa kila hendla inapoongezwa au kuhamishwa.