Katizo la Jua katika Runinga za Setilaiti: Maelezo na Suala la Istilahi

Kila mwaka, katika Machi na Septemba, huwapo siku chache ambapo picha za runinga zinazopokewa kwa setilaiti huvurugika ghafla wakati wa mchana, mbingu zikiwa nyeupe pe, kisha hurejea zenyewe baada ya dakika chache. Aghalabu lawama huliangukia dishi. Fundi huitwa, hulipwa, naye hugeuza dishi lililokuwa limelenga barabara. Hitilafu ya dakika kumi ikawa ya siku nzima.

Setilaiti za matangazo hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana huonekana kana kwamba zimetuama. Jua nalo huivuka ikweta mara mbili kwa mwaka, majira ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana. Linapopita nyuma ya setilaiti, dishi huvielekea vyote viwili kwa wakati mmoja. Maadamu jua hutoa mawimbi ya redio pamoja na mwanga, kelele yake huyameza mawimbi ya setilaiti, ambayo hufika ardhini yakiwa hafifu mno. King'amuzi hukosa cha kung'amua.

Tarehe hutegemea latitudo. Huko London, hali hii hutokea mapema Machi na tena katika Oktoba. Cape Town, mapema Aprili na mapema Septemba. Nairobi, kwa kuwa iko karibu mno na ikweta, kilele chake huwa karibu na Machi 20 na Septemba 22. Kwa setilaiti iliyoko nyuzi 36 mashariki, takriban juu ya utosi wa Nairobi, saa yake ni karibu saa saba kasorobo mchana katika Machi, na saa sita na nusu katika Septemba. Yote haya hukokotolewa mapema, sawa na kalenda.

Tukio hili liitweje? Wapo watakaopendekeza 'mwingiliano wa jua', lakini kiambishi -an- cha kauli ya kutendana hudokeza kwamba pande mbili zinaathiriana, ilhali setilaiti hailifanyi jua lolote. 'Kupatwa kwa setilaiti' nako kunapotosha zaidi, kwa sababu setilaiti hupatwa kwelikweli: majira hayohayo, karibu na usiku wa manane, huingia katika kivuli cha dunia kwa muda unaofikia dakika 70 hivi, ikategemea betri. Hapo mtazamaji haoni tofauti yoyote. Neno 'katizo', kutokana na kitenzi katiza, linafaa zaidi: lina mtenda mmoja, nalo halidai kwamba kuna kilichoharibika. Tangazo fupi kwenye skrini, 'Katizo la jua, dakika kumi', lingetosha kumzuia mtazamaji asipande juu ya paa.