Barua pepe imetumwa lakini haijafika: daftari la seva linajua ilipoishia

Unatuma maombi ya kazi kwa barua pepe. Simu inaonyesha imetumwa. Siku ya mwisho inapita, ukiuliza unaambiwa hawajaiona. Je, kuna njia ya kujua ilikwama wapi? Ipo.

Simu ikisema imetumwa, maana yake barua imepokewa na seva ya huduma yako ya barua pepe. Seva ni kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana, ikipokea na kupitisha barua. Kutoka hapo bado ina safari.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika. Seva yake ina kazi mbili. Kwanza inachuja: barua za matapeli inazitenga, ankara inaziweka kwenye folda ya mhasibu. Pili inapeleka mbele: maombi yote ya kazi yanakwenda kwenye anwani binafsi ya katibu.

Kila barua inapopita, seva huandika kwenye daftari lake, ambalo mafundi huliita logi: tarehe, saa, mtumaji, mpokeaji na matokeo. Kwa kawaida maneno ya barua yenyewe hayaandikwi humo.

Matokeo huandikwa kwa namba:

- Inayoanza na 2, kama 250: seva ya upande wa pili imeikubali barua.
- Inayoanza na 4: kuna tatizo la muda, itajaribiwa tena. Postfix, programu inayotumika kwenye seva nyingi, hujaribu hadi siku 5 kama fundi hakubadilisha mpangilio.
- Inayoanza na 5, kama 550: imekataliwa. Kwa kawaida mtumaji hurudishiwa taarifa.

Lakini 250 haimaanishi kwamba katibu ameiona. Barua inaweza kukubaliwa kisha ikatupwa kwenye folda ya Taka. Hatari hii huongezeka barua inapopelekwa mbele, kwa sababu inafika kwa katibu ikiwa na jina lako lakini imeletwa na seva ya ushirika. Mitambo ya kuzuia utapeli inaweza kudhani imeghushiwa.

Ndiyo maana ofisi inapaswa kuhakikisha kwamba kichujio nacho kinaandika. Procmail, programu ya kuchuja ya miaka mingi, lazima ioneshwe faili la kuandikia. Bila hivyo, daftari litaonyesha barua iliingia, lakini halitasema iliwekwa folda gani. Ni busara pia seva ibaki na nakala kabla ya kupeleka mbele.

Wewe mtumaji ufanye nini?

Kwanza, hakiki herufi za anwani uliyoandika, kisha tazama kama umerudishiwa taarifa ya kukataliwa, hata kwenye folda ya Taka. Pili, andika tarehe, saa, anwani yako na anwani uliyotumia, uipe ofisi ukiomba fundi wao atafute kwenye daftari la seva. Hahitaji nywila yako, anayeiomba usimpe.

Tatu, usichelewe. Seva nyingi hufuta kumbukumbu za zamani baada ya wiki chache, na mstari ukishafutika, ushahidi kwamba ulituma kwa wakati umepungua.